Unahisi kijiwe kwenye kiatu, unavua, hamna kijiwe: jibu kwa mwalimu wa Mwanga

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari, yuko Mwanga hapa hapa Kigoma, nimelifupisha na jina nimeliacha:

"Nina miaka 46. Tangu mwezi wa nne mguu wa kulia unaniuma mbele kwenye unyayo, karibu na vidole, kati ya kidole cha tatu na cha nne. Nikiwa nafundisha nahisi kama kuna kijiwe kwenye kiatu, navua natikisa, hamna kitu. Alafu unakuja moto, kama nimeguswa na waya wa umeme, na vidole viwili vinakufa ganzi. Nikivua kiatu nikasugua kidogo unapoa. Duka la dawa waliniambia ni gauti wakanipa diklofenaki, nimemeza sasa miezi miwili na nusu, maharage nimeacha, dagaa nimeacha, wapi. Mama anasema nimekanyaga kitu kibaya, jirani ananichua na mawese ya moto. Nina presha, natumia dawa. Sukari sijapima. Huu ni ugonjwa gani, na naweza kupona bila operesheni? Na mwezi wa kumi na mbili kuna sendofu ya mdogo wangu, mimi ndio matroni, nishanunua viatu vya mchuchumio, nitaweza kuvivaa?"

Dada mwalimu, pole sana, miezi yote hiyo kusimama darasani na mguu unawaka sio mchezo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, miguu naishika kila siku, na wewe umenirahisishia kazi kwasababu umesema panapouma, umesema panavyouma na umesema kinachotuliza. Wengi wanakuja wanasema tu "mguu mzima". Ila kabla sijaugusa mguu wako naomba tuanze na hiyo dawa maana ndio inanitisha zaidi.

Diklofenaki miezi miwili na nusu mfululizo na wewe una presha, hapana. Dawa za ukoo huo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, zinachubua tumbo mpaka linatoka vidonda, na zinaumiza figo, na ukizimeza pamoja na aina fulani za dawa za presha figo ndio zinabeba mzigo mara mbili. Kwahiyo leo usimeze tena. Ukizidiwa kunywa panado, vidonge viwili vya miligramu 500, na visizidi vinane kwa siku nzima. Wiki hii hii nenda kliniki yako ya presha, wapime, na uwaambie bila kuficha umemeza nini na kwa mda gani, waombe wakuangalie na figo. Ukiona choo cheusi kama lami au tumbo linakukata, hiyo sio ya kusubiri wiki, nenda siku hiyo hiyo.

Na hilo neno gauti. Huku kwetu kila anayeumwa mguu anaambiwa gauti, anaachishwa nyama, anaachishwa maharage, mtu anakonda na mguu uko pale pale. Gauti kwa kawaida inakuja ghafla, mara nyingi usiku, inakamata pale kwenye shina la kidole gumba, panavimba pekundu pana moto mpaka shuka likigusa unalia, alafu baada ya siku kadhaa linaondoka. Haiji kama kijiwe kwenye kiatu, haileti ganzi ya vidole viwili, na haiondoki dakika tano baada ya kuvua kiatu. Kwa ulivyoeleza sioni gauti hapo. Rudi kwenye dagaa zako, tena za Kibirizi ziko hapo chini, unateseka bure.

Sasa kaa, weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, uangalie unyayo. Kuna mifupa mirefu mitano inatoka katikati ya mguu inakwenda kwenye vidole, na vichwa vyake ndio lile eneo nene unalokanyagia ukinyanyua kisigino. Kati ya mfupa na mfupa inapita mishipa ya fahamu, na kila mmoja ukifika kwenye vidole unagawanyika kama panda ya manati, tawi moja linakwenda ubavu wa kidole hiki, lingine ubavu wa kidole jirani. Ndio maana ukiangalia vizuri ganzi ya namna hii kwa kawaida inashika pande mbili zinazotazamana, sio vidole vizima. Chukua unyoya wa kuku, funga macho, mwambie mtoto akupitishie taratibu kwenye ubavu wa kidole cha tatu na cha nne, pale vinapotazamana, alafu afanye hivo hivo mguu wa kushoto. Ukiona kulia hujasikia vizuri kama kushoto, mshipa umejionyesha wenyewe.

Juu ya huo mshipa kuna kano, kama mkanda, inafunga vichwa vya mifupa visitawanyike. Mshipa unapita chini yake. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu, vidole vinakunjwa kwenda juu, mshipa unavutwa na kuparuzwa kwenye ukingo wa ile kano, kama kamba ya kisima inavyosuguana na ukingo kila ndoo inapovutwa. Na kiatu kikiwa kimechongoka mbele, mifupa nayo inabanwa kutoka pembeni, mshipa unakosa pa kwenda. Siku moja hamna shida. Miaka kumi na tano ya kusimama ubaoni, mshipa unajikinga kwa kujifunga ngozi nene, na ukishanenepa unabanwa zaidi, na ukibanwa zaidi unanenepa tena. Mzunguko huo ndio ugonjwa wenyewe.

Madaktari wanauita nyuroma ya Morton, kwa jina la Thomas Morton, daktari wa Philadelphia kule Marekani aliyeuandika mwaka 1876, ingawa Muingereza Lewis Durlacher, aliyekuwa anatibu miguu ya watu wa familia ya kifalme, alishauandika mwaka 1845. Ukisikia nyuroma wengine wanadhani uvimbe, wanadhani kansa. Sio kansa, haigeuki kuwa kansa, na wala sio uvimbe hasa, ni ganda la mshipa lililokomaa kwa kusuguliwa. Nalisema hili kwa mkazo kwasababu nshawahi kumkuta mama analia kwenye benchi nje, mtu alimsomea hilo neno kwenye simu akamwambia "una tyuma mguuni", na alikuwa ameanza kugawa vitenge vyake kwa mabinti.

Mahali penyewe pia panakubali, kati ya cha tatu na cha nne ndio inapokaa mara nyingi kuliko kwingine kote, inafuata kati ya cha pili na cha tatu. Na wanawake wa umri wako wanaongoza, na viatu vinadhaniwa kuchangia.

Kuhusu mama, usigombane nae, anaogopa kwasababu anakupenda. Mwonyeshe tu jambo moja: ukivaa kiatu unaanza, ukivua unapoa, ukitembea peku kwenye mchanga kule Katonga huumwi au unaumwa kidogo. Ugonjwa unafuata kiatu. Hapo ataelewa mwenyewe. Na jirani mshukuru, ila mawese ya moto basi. Sehemu yenye ganzi haikuambii kama mafuta yameshakuunguza, na kuchua kwa nguvu juu ya mshipa uliokasirika ni kuuongezea hasira. Akitaka kukuchua akuchue kigimbi, huko ruksa na inasaidia, ntakwambia kwanini.

Sasa mimi sijakushika mguu, kwahiyo kuna vitu lazima tuviondoe kwanza kabla hatujakubaliana kuwa ni huo.

Cha kwanza sukari. Hujapima, na una miaka 46 na presha, kapime kesho asubuhi kabla hujala. Ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi ukiwa hujala wataipima tena kuhakikisha, ila ndio mwelekeo wa kisukari. Mguu wa kisukari kwa kawaida unawaka yote miwili, unaanzia ncha za vidole unapanda kama soksi, na unakuwa mbaya zaidi usiku kitandani bila kiatu chochote. Wako ni mmoja na unataka kiatu, kwahiyo sidhani, lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili na hapo matibabu yanabadilika, hasa kwenye mambo ya barafu na sindano. Kupima ni tone moja la damu.

Cha pili ni ufa kwenye mfupa. Huo unampata mtu aliyeongeza kutembea ghafla, unauma juu ya mguu, ukibonyeza mfupa wenyewe kwa kidole unaruka, na juu panavimba. Nyuroma haivimbishi juu ya mguu. Ukiona uvimbe huo nenda hospitali ya Maweni wakupige eksirei, na ujue ufa mpya unaweza usionekane wiki mbili za mwanzo.

Mengine nayapitia haraka. Maumivu yanayoanzia kiunoni yakashuka mpaka mguuni, hayo ya mgongo. Baka la ngozi lililofifia lisilosikia ukiligusa, hilo usilifiche, ukoma bado upo na dawa zake zinatolewa bure na mtu anapona kabisa akiwahi. Ukiwa kwenye dozi ya kifua kikuu na miguu inawaka, waambie kliniki, kuna vitamini B6 ya kukinga hilo. Kidole kilichoanza kuhama kikapanda juu ya mwenzake, hiyo ni tishu ya chini ya kidole imechanika, ni habari nyingine kabisa.

Kama hakuna kimojawapo cha hivyo, jaribu hivi. Kaa kitandani, shika mguu wa kulia kwa mkono mmoja kwenye mapana yake, yani pale penye vichwa vya mifupa, ubane pande mbili taratibu kama unabana chungwa kuona kama limeiva. Mkono mwingine, kwa kidole gumba, bonyeza chini ya unyayo kati ya mfupa wa tatu na wa nne. Sio juu ya mfupa, kati. Kama ule moto wako unaojulikana unatoka hapo hapo na kukimbilia vidoleni, ndio wenyewe. Wengine wanasikia na kitu kinateleza, tik, chini ya kidole gumba. Daktari anayeitwa Mulder aliuandika mlio huo mwaka 1951 na mpaka leo ndio tunautafuta. Usirudie mara kumi kwa siku, mara moja inatosha.

Tuje kwenye dawa yenyewe, na dawa yenyewe ni kiatu. Najua unasubiri niseme kidonge, watu wengi wananiangalia vibaya wakifika hapa, wametoka mbali mpaka Kasulu huko alafu naongelea viatu. Lakini mshipa unabanwa na kitu unachokivaa saa tisa kwa siku, hakuna kidonge kitakachoushinda huo ubano wakati ubano wenyewe unaendelea.

Chukua kipande cha boksi, simama juu yake peku, uzito wote mguuni, sio umekaa, mtu akuzungushie kalamu. Alafu chukua kile kiatu chako cha shule ukiweke juu ya huo mchoro. Nakuhakikishia mguu utakuwa umetokeza pande zote mbili, na kile kilichotokeza ndicho unachokikunja na kukisukumiza ndani kila asubuhi. Nimefanya hivi na walimu, na wahudumu wa benki, na wauza duka, karibu wote wanakaa kimya wakiona. Ulikate hilo boksi kwa kufuata mstari, liweke kwenye pochi, siku ukienda kwenye mtumba pale soko la Mwanga liingize ndani ya kiatu kabla hujauliza bei. Likijikunja pembeni, acha, hata kiwe kizuri vipi.

Unachotafuta ni mbele pana pa mviringo au pa mraba, kisigino kisichozidi inchi moja, soli nene ambayo ukiikunja kwa mikono inabisha, na kamba au mkanda wa kushika mguu. Kamba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na hapa Kigoma zaidi, kwasababu mji wetu ni mteremko. Kiatu cha kutumbukiza ukishuka nacho kutoka Mwanga mpaka stesheni, kila hatua mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ukuta, unafika chini mshipa umeshabanwa mara elfu. Ukifunga kamba vizuri juu, mguu unabaki nyuma kwenye kisigino. Raba pana nyeusi ya mtumba, ukiipaka dawa ya viatu, inakaa vizuri tu na sketi ya kazini, na mwalimu mkuu akiuliza mwambie ni ya matibabu, akitaka cheti aandikiwe.

Na muda pia, nunua kiatu jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, sio asubuhi.

Na zile simple za bei rahisi, nyembamba kama karatasi, usizikimbilie eti kwasababu hazina kisigino. Nimetibu dada mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, hakuwahi kuvaa mchuchumio maisha yake, ni ndala iliyoisha soli mpaka anasikia kila kokoto. Wake haukuwa nyuroma, ilikuwa unyayo umeumia tu kwa chini, ila alipobadilisha soli tu alianza kunyanyuka. Kwahiyo vitu viwili, nafasi pembeni na unene chini.

Ukishapata kiatu ndio kinakuja kimto cha kuweka ndani yake, na hapa ndipo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkatia mama mmoja sponji nzuri laini nikambandikia pale pale panapouma. Akili inakwambia hivyo, panauma weka laini. Alirudi baada ya siku nne anachechemea kuliko alivyoondoka. Nilikuwa nimemwongezea kitu kingine cha kumbonyeza mshipa, nimemwekea kijiwe cha kweli juu ya kijiwe cha kuhisi. Nilimwomba radhi, nikakitoa, nikakisogeza nyuma kama upana wa kidole gumba, akasimama, akaniangalia, akapiga hatua mbili, akasema "kimeondoka". Sijasahau ile sura.

Kimto hakikai panapouma. Kinakaa nyuma yake, upande wa kisigino. Kazi yake sio kulainisha, ni kunyanyua ile mifupa kutoka nyuma ili vichwa vyake vitawanyike na mshipa upate upenyo. Namna ya kupapata: chukua lipstiki au wanja, paka doa chini ya unyayo pale panapouma kabisa. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, ikanyage mara moja kwa uzito wako wote, inua mguu. Doa limehamia kwenye soli. Sasa kimto kikae kiasi kwamba ukingo wake wa mbele uishie kidogo nyuma ya hilo doa, usiliguse. Umbo lake kama tone la maji au kama mbegu ya embe, pana mbele, jembamba nyuma, unene milimita tano sita, urefu kama inchi mbili. Kuna vya dukani vya silikoni, ila mimi nimeshatengeneza vingi kwa ile sponji ngumu ya ndala ya zamani, fundi viatu yeyote pale sokoni anakukatia na kuzichonga kingo zilale zisiwe ukuta, anagandisha kwa gundi. Mchukue na soli yenye doa, mwonyeshe doa, mwambie "hapa usiguse, anzia nyuma yake".

Siku ya kwanza vaa saa moja au mbili tu. Utahisi kama umekanyaga yai, hiyo ya kawaida, siku tatu nne unakizoea. Ukihisi moto umezidi, kimekaa mbele sana, kisogeze nyuma nusu sentimita. Mara nyingi nasogeza mara mbili tatu kabla hakijakaa, kwahiyo usikigandishe moja kwa moja mpaka uhakikishe, tumia kwanza plasta ya kubandika.

Kigimbi nilisema ntarudi. Kigimbi kikikaza, kisigino kinanyanyuka mapema unapotembea na uzito wote unamwagika mbele kwenye hiyo mifupa. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu wa kulia nyuma, goti limenyooka, kisigino kimebaki chini, egemea mpaka usikie kigimbi kinavutika, hesabu mpaka thelathini, mara tatu, asubuhi na jioni. Darasani unaweza kufanya wanafunzi wakiandika. Alafu ukiwa umekaa, jaribu kutawanya vidole vya mguu kama feni, sio kukunja, kutawanya, mara kumi kumi. Mwanzoni havitasikia amri, endelea tu.

Jioni, kama sukari yako ni salama na unyayo bado unasikia baridi na moto vizuri, gandisha chupa ndogo ya maji, ifunge na kitambaa, iviringishe chini ya unyayo dakika kumi. Kama ganzi imetapakaa au sukari imegundulika, usiweke barafu wala maji ya moto, ngozi isiyosikia inaungua bila kukuambia. Na hii miezi miwili punguza vitu vinavyokukanyagisha mbele ya mguu, kuruka kamba, kukimbia, kuchuchumaa mda mrefu vidole vimekunjwa huku unafua. Kaa kwenye kigoda ukifua. Darasani omba kiti kirefu cha kuegemea, fundisha nusu kipindi umekaa, hakuna aibu.

Mda gani? Wengi wanaobadilisha kiatu kweli kweli, yani kila siku na sio siku za kazi tu alafu kanisani wanarudi kwenye kilekile, wanaanza kuona tofauti ndani ya wiki nne mpaka sita, na mimi nampa mtu miezi mitatu kabla sijasema imeshindikana. Moto unaondoka kwanza, ganzi inachelewa. Wewe umeanza mwezi wa nne, bado ni mapema, na kitu kinachotulia ukivua kiatu kina nafasi nzuri sana ya kutulia bila kisu. Hilo ndio jibu la swali lako la operesheni: ndio, inawezekana kabisa, na ndiko tunakoanzia.

Miezi mitatu ikipita na umefanya yote hayo na bado, basi hatua inayofuata ni altrasaundi, fundi mzuri wa altrasaundi anauona mshipa ulivyonenepa, eksirei haiuonyeshi, eksirei ni ya mifupa. Kuna sindano ya steroidi inayochomwa kutokea juu ya mguu kati ya mifupa. Wengine wanapata nafuu ya miezi mingi, wengine ya wiki chache. Mimi siipendi ikirudiwa rudiwa, kwasababu inayeyusha mafuta yanayokinga unyayo na kulegeza kano za vidole, na mafuta hayo yanaweza yasirudi. Kama una sukari inaipandisha kwa siku kadhaa. Moja iliyochomwa na mtu anayejua anapochoma, sawa. Ya mtaani usikubali.

Kuna pia dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, amitriptilini usiku au gabapentini, hizo zinaandikwa na daktari maana zinalegeza, zinaleta usingizi, na wewe una dawa nyingine, lazima azione zote kwa pamoja.

Operesheni ipo na inafanywa na madaktari wa mifupa, kutoka huku watu wengi wanaishia hospitali ya Bugando Mwanza au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Ama wanakata ile kano kuupa mshipa nafasi, ama wanautoa mshipa wenyewe ulionenepa. Ukitolewa, maumivu kwa wengi yanaondoka, lakini ule ubavu wa vidole viwili unabaki na ganzi ya kudumu, hiyo sio makosa ya daktari, ndio bei yake. Na kwa wachache ncha ya mshipa uliokatwa inaota tena kinundu na maumivu yanarudi, wakati mwingine makali kuliko ya kwanza. Ndio maana sipendi mtu apelekwe huko kabla ya kuvua kile kiatu. Nimeona mtu amesafiri kwa treni siku mbili kwenda kukatwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia apime upana wa viatu vyake.

Sasa sendofu. Najua kwako hilo sio swali dogo, matroni anaangaliwa kuliko bibi harusi wakati mwingine, na viatu umeshanunua. Kama tunaongea leo una miezi karibu mitatu, na ukianza kesho hii kazi, mwezi wa kumi na mbili mguu unaweza kuwa umetulia vizuri. Hivyo vya mchuchumio usivirudishe, ila vipime na lile boksi. Kama mbele vimechongoka na boksi linakunjika, mpe mtu mwingine avivae, na wewe tafuta viatu vya wazi mbele, vya mkanda, kisigino kipana cha inchi moja na nusu kwa siku hiyo moja tu, rangi ile ile ya sare. Gauni ni refu, hamna atakayeona. Kama boksi linaingia, vivae wakati wa kuingia ukumbini na wakati wa picha, alafu ukifika mezani vua, badilisha na vile vyenye kimto, uvibebe kwenye pochi. Wakati wa kwenda kutoa zawadi, pale mnapocheza mstari mzima mpaka mbele, nenda na vya chini. Kucheza ndio kunakanyagia mbele kuliko kitu kingine chochote.

Ukishapima sukari na presha niandikie majibu, na unipigie picha ya ile soli yenye doa kabla fundi hajagandisha kimto, nikuangalizie kama kimekaa nyuma vya kutosha.